Matofali ya Somo Yangu Huko Usiguse

Nilifika Usiguse Jumatatu asubuhi, jua limeshapanda, na jambo la kwanza nililoliona ni watu wazima, wake kwa waume, wamebeba ndoo za maji wanaingia nazo katika nyumba zilizoharibiwa na mafuriko.

Nikasimama. Nikavua miwani, nikaifuta kwa ncha ya kanga, nikaivaa tena. Bado ni ndoo, na bado ni maji.

Mafuriko yenyewe yalikuwa yamepita miezi saba nyuma. Hayo niliyajua, maana ndiyo yaliyonipeleka huko kumtazama somo yangu. Mto wao ulivunja kingo, ukaingia mitaa yote ya bondeni, ukakaa siku tatu, ukatoka. Lakini nyumba nilizoziona zilikuwa kama zimeopolewa majini asubuhi ile. Kuta zinatona. Tope limejaa hadi kizingitini, laini, linang'aa kama uji uliopoa. Na katika kila mlango kuna mtu na kata yake, anachota kidogo kidogo, anamwagia taratibu, kama anayemwogesha mtoto mchanga. Nawaambieni kweli, nimeona watu wakiangalia ng'ombe, na wakiangalia wagonjwa, lakini sijaona watu wakiangalia uharibifu kwa upole namna ile.

Somo yangu anaitwa Mize, kama mimi. Jina letu moja, dawati letu lilikuwa moja hadi darasa la saba, kisha yeye akaolewa Usiguse, mimi nikabaki kwetu. Nilimkuta uani kwake ndani ya kibanda cha mabati ambacho ndani yake huwezi kusimama wima. Amekonda. Tulikumbatiana, tukalia kidogo, tukacheka kwa sababu ya kulia, kisha akachukua kata.

"Somo, nisubiri kidogo," akaniambia. "Sijamwagilia sebule."

"Sebule umepanda mchicha?"

"Ikikauka ndiyo tumekwisha. Keti, nitakueleza."

Akanieleza, huku akimwaga. Mbele ya mji, juu ya kilima, kuna jumba linaloitwa Nyumba ya Ahadi. Kila mwezi kila kaya hupeleka tofali moja. Kwa tofali hilo Nyumba ya Ahadi humwahidi mwenye kaya kwamba siku moto ukimpata, au maji, nyumba yake itarudishwa ilivyokuwa. Kwetu tuna kitu cha namna hiyo, tunakiita bima. Lakini Usiguse wana sheria yao juu yake, na sheria hiyo watoto huifundishwa kabla ya kuhesabu: nyumba iliyopatwa isiguswe, isifagiwe, wala kisiondolewe kitu, mpaka Shahidi wa Nyumba ya Ahadi aione kama maji yalivyoiacha.

"Na maji yaliiacha mbichi," nikasema.

"Ndiyo maana yake. Miaka ya nyuma kuna mtu alipatwa, akakaa akangoja. Jua likaikausha nyumba, mwenyewe hakutia hata mkono. Shahidi akaja akaandika, nyumba kavu, maji hayakuonekana. Akaondoka. Yule mtu alikufa akilala kwa mkwewe. Tangu hapo, somo, hatungoji jua lituharibie."

Niliangalia ndani kupitia mlangoni. Kigoda kiko juu chini palepale kilipopinduliwa. Birika limezama hadi shingoni katika tope. Kando ya mlango kuna ndara mbili za marehemu mumewe, zimejaa udongo, moja imeelekea ndani na moja nje. Hizo nazo somo alizimwagia maji.

Kisha nikaona kitu ambacho yeye hakukitaja. Ukuta wa chumba cha magharibi ulikuwa umeanza kuinama. Ukuta wa udongo ukinyweshwa miezi saba hufanya hivyo.

Basi chumba hicho ndicho kilichokuwa kimekusudiwa Kibibi. Kibibi ni binti wa pekee wa somo yangu, mimba yake ya kwanza, mwezi wa nane umekatika. Huko kama kwetu, mtoto wa kwanza huzaliwa kwa mama wa mwanamke, na arubaini hukaa humo. Alikuja mchana ule ameshika kiuno, akajaribu kuingia kibandani, akashindwa kuinama, akabaki mlangoni.

"Shikamoo mama mkubwa," akaniamkia.

"Marahaba mwanangu. Mzigo umeshuka huo."

"Umeshuka. Mwulize somo yako nitakwenda kuutua wapi."

"Utazaa nyumbani kwenu," mama yake akamjibu, macho yake kwenye ndoo.

"Nyumbani kwetu wapi, mama? Kwenye tope? Mkunga amekataa hata kuvua viatu."

"Shahidi atakuja Alhamisi."

"Alhamisi ipi?"

Somo akachota tena. Alhamisi ilipofika nikaelewa kwa nini Kibibi aliuliza hivyo.

Watu wote wa mtaa walitoka wakajipanga kando ya njia, wamevaa nguo safi. Shahidi akatokea juu, mtu mrefu, mwavuli mkononi, viatu vinavyong'aa hadi ukaogopa kuvitazama. Akashuka kwa adabu, hatua, hatua. Kila baada ya hatua tano aliinama akaigusa ardhi kwa kipande cha pamba, akakiangalia. Alipofika kwenye mfereji, pamba ikalowa. Akasimama, akaandika kitu katika daftari, akatuinamia sote, akageuka, akarudi alikotoka.

Maana kuna sheria ya pili: Shahidi asiingie na viatu vilivyolowa, asije akaleta maji ya kwingine yakachanganyika na maji ya madai. Na njia yote ya bondeni ilikuwa imelowa kwa ndoo zao wenyewe.

Hakuna aliyenung'unika. Hilo ndilo lililonishangaza zaidi. Mzee Ngwali, mkuu wa mtaa, mtu wa ndevu nzuri na sauti ya kusomea barua, alitikisa kichwa kwa furaha. "Wiki iliyopita aliishia kwenye mti wa mkungu," akasema. "Leo amefika mferejini. Jamaa anajitahidi."

Nikamwendea kwa heshima. "Mzee Ngwali, kwa nini msiache kumwaga maji siku mbili tu, njia ikauke, apite?"

Akaniangalia kwa huruma, kama mtu aliyeulizwa swali na mgeni. "Na nyumba zikishakauka, mama, apite aje kuona nini?"

 Nilikaa na jibu hilo siku nzima, na kila nikiligeuza lilikuwa linasimama sawasawa pande zote, kama yai lililochemshwa.

Siku ya pili ukuta wa magharibi ulitoa ufa unaoingia mkono. Nikamwambia somo twende huko juu kwenye Nyumba ya Ahadi tukaseme. Alikuwa hajawahi kufika ndani. Matofali hupokelewa mlangoni. Mzee Ngwali alikubali kumshikia zamu ya kumwagilia, lakini alituita kando.

"Semeni yote," akatuonya, "ila msitaje kata. Msitaje ndoo. Wakisikia kwamba maji tunayatia sisi, dai la mtaa mzima limekufa. Mimi nina wajukuu sita wanalala chini ya turubai."

Tukaapa. Tukapanda, wanawake watatu, Kibibi katikati yetu anapumua kwa mdomo.

Sasa niwaeleze Nyumba ya Ahadi, na mkidhani natia chumvi, nendeni mkaone. Nimeingia misikiti mikubwa na nimeingia hospitali ya mkoa, lakini ukubwa ule ulinifanya nivue ndara bila kuambiwa. Kuta zake ni matofali ya mji mzima, ya miaka mia na zaidi, na kila tofali lina alama ya kaya iliyolileta: hapa jani, pale samaki, pale kiganja cha mtoto. Dirisha hakuna hata moja, maana waliona dirisha ni mahali ambapo tofali la mtu lingeachwa nje. Taa zinawaka mchana. Ukisema neno, linapanda juu, linazunguka, linakurudia likiwa na heshima kuliko ulivyolituma.

Na vitabu. Kila nyumba ya Usiguse ina kitabu chake, na ndani yake kila kitu cha nyumba hiyo kimechorwa na mchoraji aliyekuja kukaa wiki nzima wakati ahadi ilipowekwa. Karani, kijana mpole mwenye wino vidoleni, alituletea kitabu cha somo yangu. Tukafungua. Nikaliona birika, na mdomo wake umemeguka vilevile. Nikakiona kigoda. Nikaona mikunjo ya pazia. Tulipofika kwenye mlango wa mbele, somo akaweka kidole chake juu ya ndara za marehemu, zimechorwa moja imeelekea ndani na moja nje.

"Alikuwa akivua anaingia huku anageuka kuniita," akasema. "Wameichora mpaka hiyo."

Akalia pale, polepole. Na mimi, sikufichi msomaji, nilifikiri: watu waliojua kuangalia hivi hawawezi kuwa watu wabaya.

Tulipofikishwa mbele ya Mkuu wa Ahadi, baraza lake lilikuwa katikati ya mjadala. Mkuu alikuwa mzee wa umri wetu, uso mweupe wa mtu asiyepigwa na jua, kiti chake kimeegemea ukuta wa kaskazini. Mbele yake kulikuwa na taarifa ishirini na tisa za Shahidi, na zote zilisema jambo moja: nimefika, njia ina maji, nimerudi.

"Haya ni mafuriko marefu kuliko yote tuliyoandikiwa," mjumbe mmoja akasema kwa sauti ya huzuni. "Mwezi wa saba sasa, na mto haujatoka. Napendekeza kila kaya ilete matofali mawili."

"Mimi napendekeza dua," mwingine akasema.

"Dua na tofali la pili," wa tatu akapatanisha, na wote wakaonekana kuridhika.

Somo yangu akainua mkono. "Mkuu, mto ulitoka siku ya tatu."

Mkuu akamtazama kwa upole wa kweli. "Mama, mimi pia natamani iwe hivyo. Lakini unabishana na taarifa ishirini na tisa."

"Nyumba yangu inaanguka, Mkuu. Huyu mwanangu anazaa mwezi huu."

"Maji yakitoka, Shahidi ataingia. Shahidi akiingia, utarudishiwa kila kitu, hadi birika. Hiyo ni ahadi na haijawahi kuvunjwa."

"Kama mto umetoka, hayo maji yanatoka wapi mpaka leo?" akaanza somo, kisha akakumbuka wajukuu sita wa Mzee Ngwali, akanyamaza.  Kibibi alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani, amefumba macho.

Neno lilikuwa kooni mwetu sote na tulikuwa tumeapa kutolitoa. Nikaona hakuna njia ila moja.

"Mkuu," nikasema, "mimi mgeni, mambo ya madai siyajui. Lakini umechoka, na sisi tumechoka. Kwetu watu wakichoka hutegana vitendawili. Naruhusiwa?"

Wajumbe wakatazamana. Mkuu akatabasamu, nadhani hakuna aliyemtegea kitu miaka mingi. "Hata sisi tulitegana udogoni," akasema. "Tega, mama."

"Bibi yangu huoga kila siku ili mgeni aje kumwona, na kwa sababu ya kuoga kwake mgeni hufika njiani akarudi."

Nyuma yetu kulikuwa na foleni ya watu wa bondeni, wamekuja kuulizia madai yao. Nikasikia mtu mmoja akikohoa ili kuficha kicheko. Kisha mwingine. Wote walikuwa wamejua.

"Bata," akasema Mkuu.

"Siye."

"Mwezi. Huoga mawinguni."

"Siye, Mkuu."

"Kiboko." Wajumbe nao wakajaribu: chura, bwawa, biharusi. Mmoja alisema serikali, akatazamwa vibaya. Mkuu alifikiri muda mrefu, ameshika kichwa, na alivyofikiri ndivyo alivyozidi kuwa kijana. Mwishowe akainua mikono. "Nimeshindwa. Tuambie."

"Kwetu anayeshindwa hutoa mji kwanza."

Akacheka kwa sauti, na kicheko kikapanda juu kikazunguka. "Kumbe na hiyo ipo. Haya, nimekupa. Chukua mji uutakao."

Karani aliandika. Katika jumba lile, Mkuu akisema nimetoa, huandikwa, na likishaandikwa halifutwi. Ndiyo nguzo ya heshima yao yote. Mkuu aliiona kalamu ikitembea na kicheko chake kikapungua kidogo.

"Mji sina haja nao, baba," nikamwambia. "Nimezeeka, nitaufagia na nini? Nipe matofali ya somo yangu Mize. Aliyoleta yeye na marehemu mumewe, miaka thelathini na moja, kila mwezi moja. Sidai ahadi, sidai urejesho. Ahadi iache palepale. Nataka matofali tu."

 Mjumbe wa tofali la pili akasimama kusema kwamba tofali likishaingia ukutani si la mtu tena. Mkuu akamwonyesha kitabu cha karani, mahali palipoandikwa nimekupa, na mjumbe akaketi.

"Yako wapi?" Mkuu akauliza.

Karani akapekua. "Alama ya dole gumba na punje tatu za mtama. Ukuta wa kaskazini, Mkuu. Yote mahali pamoja." Akameza mate. "Nyuma ya kiti chako."

Walikisogeza kiti. Na kweli yalikuwepo, safu juu ya safu, dole gumba la somo yangu tangu lilipokuwa jembamba la bibi arusi mpaka lilipokuwa na makunyanzi. Somo akayagusa. Mafundi wakaja na tindo wakaanza kuyatoa moja moja, kwa uangalifu, wakiyapanga sakafuni. Ukuta ni mnene. Waliingia ndani yake kama watu wanaoingia handaki, na sisi tukangoja hadi adhuhuri.

Tofali la mwisho lilipotoka, jua likaingia.

Sijui kama nitaweza kulieleza. Jumba lililokuwa halijaona mchana tangu lijengwe, likapata kipande kimoja cha mwanga, kikubwa kama mlango, kikalala sakafuni. Vumbi la miaka mia likainuka ndani yake linameta. Wajumbe walirudi nyuma kama kimewaunguza. Mkuu peke yake akakisogelea, akaweka mkono ndani, akaugeuza, akautazama. Kisha akachungulia nje.

Chini kabisa lilikuwa bonde. Paa, vichochoro, mto umelala mahali pake, mwembamba kama uzi. Na kutoka kisimani mpaka kwenye kila mlango, mstari wa watu na ndoo, wanachota, wanamwaga, wanarudi.

Alisimama hapo muda ambao ungeweza kupika wali. "Wale," akasema bila kugeuka, "wanafanya nini?"

Foleni nzima iliinamisha vichwa. Hakuna aliyevunja kiapo.

"Hilo ndilo jibu, Mkuu," somo yangu akasema. "La kitendawili."

Mzee yule hakuita baraza wala gari. Alitoka kwa mlango, akashuka kilima kwa miguu yake, sisi nyuma yake, wajumbe nyuma yetu, Shahidi nyuma ya wote na mwavuli wake. Walipomwona, watu wa bondeni waliganda na kata mikononi. Mzee Ngwali alinitazama kama mimi ndiye mto. Mkuu akafika mferejini, palipoanzia umajimaji, akasimama. Sheria ya viatu. Nilimwona akiitafuta akilini, akiigeuza, na nikaogopa kwamba atainama, atageuka, atarudi.

Kibibi alikuwa ameketi juu ya jiwe, jasho linamtiririka. "Sheria inasema viatu, babu," akamwambia. "Miguu haikutajwa."

Mkuu akaitazama miguu yake. Akainama, akafungua kamba moja, akafungua ya pili, akaviweka viatu juu ya nyasi pamoja na soksi ndani yake. Miguu yake ilikuwa myeupe na laini kama ya mtoto wa wiki. Akaingia topeni.

Alikwenda moja kwa moja hadi nyumba ya somo, kitabu mkononi. Akasimama sebuleni. Akatazama ukurasa, akatazama kigoda. Akatazama ukurasa, akatazama ndara mbili.  Kisha akainama na kulichomoa birika kutoka kwenye tope, likatoa sauti ya kunyonya, akalishika kwa mikono miwili.

Aligusa. Mtaa mzima ulivuta pumzi. Mzee Ngwali alidondosha kata yake na hakuiokota.

"Karani," Mkuu akasema, sauti yake nzito, "andika. Maji yameonekana. Nyumba hii, na nyumba zote za bondeni. Wakaushe."

Basi mngeona majembe siku ile. Mngeona mafagio, na mikeka ikipigwa, na madirisha ya miezi saba yakifunguliwa yanalia. Mzee Ngwali alibomoa ukuta wa magharibi kwa mikono yake, na siku ya nne tukaanza kuujenga upya kwa matofali yaliyotoka nyuma ya kiti. Kibibi alijifungua humo siku ya kumi na nane, mtoto wa kike, macho yake ya kwanza yakauangalia ukuta wenye madole gumba ya bibi yake kutoka chini hadi darini. Wamemwita Mize. Tumekuwa watatu.

Nyumba nyingine zinarudishwa, kitabu baada ya kitabu. Mambo ya huko hayaendi mbio.

Nilipokuwa nikiaga, baraza lilikuwa limekaa siku ya ishirini kujadili lile tundu la ukuta wa kaskazini: je, ni hasara, au ni dirisha. Wapo wanaosema lizibwe leo. Lakini ikiwa ni hasara, sheria iko wazi, lisiguswe mpaka Shahidi alione. Na Shahidi siku ile aliufuata msafara topeni na viatu vyake miguuni. Ameviweka juani, anangoja vikauke.

Mkuu, nasikia, kila asubuhi hukigeuza kiti chake kuelekea tundu hilo, na amewaambia wasiharakishe.